Vazi Likivuliwa, Sanaa Inabaki Wapi?

Septemba 1998, ndani ya ghala moja jijini London, mwanamitindo Shalom Harlow alisimama juu ya kipande cha sakafu cha mviringo kilichokuwa kikizunguka polepole. Alivaa gauni jeupe lisilo na mikono, limekazwa kifuani kwa mkanda wa ngozi, na kuanzia hapo kwenda chini limeachia kitambaa kingi kilichotanuka kama mwavuli. Kulia na kushoto kwake kulikuwa na roboti mbili za kiwanda cha magari. Mwanzo zilijinyoosha taratibu, kama mtu anayeamka. Kisha zikamgeukia na kuanza kumrushia rangi, nyeusi na ya manjano, naye akizidi kuzunguka, mikono juu, mara kama anajikinga, mara kama anaipokea. Rangi ilipokoma alishuka, akawaendea watazamaji kwa kuyumbayumba, gauni likiwa bado bichi.

Nimeitazama video ya dakika hizo chache mara nyingi sana. Aliyelitunga tukio lile, Alexander McQueen, alikuwa fundi wa nguo, na kilichotarajiwa kwake siku ile ni nguo za msimu wa joto wa 1999, ili wenye maduka wazione na kuagiza. Tulichokiona ni nini basi? Ni tangazo la biashara lililopambwa vizuri, au ni sanaa yenye haki ya kukaa mkeka mmoja na uchoraji, uchongaji na ngoma?

Kwa Uingereza swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wabunifu wake wakubwa wa miaka ya 1980 na 1990 wengi wamepitia vyuo vya sanaa. McQueen, John Galliano na Hussein Chalayan wote walisoma Central Saint Martins, chuo cha London kinachofundisha pia uchoraji na uchongaji. Mwanafunzi wa mitindo pale analelewa pamoja na watu ambao hakuna anayewauliza kama wanachokifanya ni sanaa.

Anayetaka kuisikia hoja kwamba mitindo ni sanaa ikisemwa kwa vitendo amwangalie Chalayan. Alizaliwa Nicosia, Kupro, mwaka 1970, katika kisiwa ambacho miaka minne baadaye kiligawanyika vipande viwili kwa vita. Kazi yake ya kuhitimu, mwaka 1993, ilikuwa nguo alizozika ardhini pamoja na unga wa chuma, akazifukua zimeota kutu. Februari 2000, katika ukumbi wa Sadler's Wells, alipanga jukwaa kama sebule nyeupe: viti, meza ya duara ya mbao, runinga. Wanamitindo wakaja, wakavua vitambaa vya viti na kuvivaa kama magauni, na viti vyenyewe vikakunjwa vikawa masanduku ya safari. Wa mwisho akaingia katikati ya meza, akaiinua hadi kiunoni, mbao zikashuka pete chini ya pete, meza ikawa sketi. Akaondoka nayo. Sebule ikabaki tupu.

Msomaji aliyewahi kuikimbia nyumba yake, awe wa Uvira au wa Bujumbura, hahitaji kufasiriwa onyesho lile. Nini kibebwe, nini kiachwe, na mwili unaweza kubeba kiasi gani: hayo ndiyo maswali ya usiku wa kuondoka. Chalayan aliyasema kwa mbao na vitambaa vya viti, bila neno hata moja. Mimi sijui jina jingine la kuipa kazi ya namna hiyo zaidi ya sanaa.

McQueen naye, katika onyesho lake la Septemba mwaka huohuo, alimtoa jukwaani mwanamitindo Erin O'Connor akiwa na gauni lililofunikwa kwa makombe ya baharini, yale marefu na membamba yaliyokaa kama wembe wa kunyolea, yaliyookotwa ufukweni Uingereza. Aliyekulia pwani anajua kombe lililokaushwa na jua likoje: linang'aa, linakata, halina subira na mkono mzito. Haya yalisafishwa, yakapakwa vanishi, yakashonewa moja baada ya jingine. Kisha O'Connor, mbele ya watu wote, akaanza kuyang'oa kwa mikono yake, yakianguka na kupasuka sakafuni. Kazi ya siku nyingi iliharibiwa kwa dakika moja, na kuharibika huko ndiko kulikokuwa sehemu ya kazi yenyewe. Mwenye duka hawezi kuagiza dazeni ya kitu hicho.

Lakini wanaokataa nao wana hoja nzito.

Miezi mitatu tu baada ya makombe yale, Desemba 2000, kampuni ya Gucci Group ilinunua asilimia 51 ya nyumba ya mitindo ya McQueen. Mwaka 2003 zikaja skafu zenye mafuvu, ambazo zilipendwa mno, na mwaka huohuo yakaja manukato. Wanaokataa wanasema: tazameni mpangilio ulivyo. Gauni la makombe linapigwa picha, picha zinazunguka dunia, jina linakua, halafu jina linauza skafu. Gauni lenyewe halihitaji kununuliwa, kwa maana kazi yake imekwisha. Wanaongeza kwamba msanii akishindwa kumaliza kazi yake mwaka huu huisubiri ikomae, ilhali mbunifu ana kalenda ya misimu, na kila msimu lazima atoe kitu, awe na la kusema au asiwe nalo. Na si watu wa nje tu wanaosema hivi. Mbunifu Rei Kawakubo wa Japani, ambaye wengi wangempa cheo cha msanii bila kusita, amekuwa akikikataa mwenyewe kwa miaka mingi.

Hata makumbusho, yanayotazamiwa kuwa mwamuzi, hayakukaa mbali na fedha hizo. Onyesho la kazi za McQueen, Savage Beauty, lililofanyika Metropolitan Museum ya New York mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo chake, lilidhaminiwa na nyumba hiyohiyo ya mitindo yenye jina lake. Mwenye kuonyeshwa ndiye mwenye kulipia maonyesho. Hata mpenzi wa kazi zake kama mimi lazima akiri kwamba hapo pana walakini.

Kuna mahali ambapo ubishi huu unaacha kuwa mazungumzo ya ukumbini na kuwa shauri la mahakamani. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 inalinda, pamoja na michoro na sanamu, kile inachokiita kazi ya ufundi wa kisanaa. Kazi ikikubaliwa kuwa sanaa, hulindwa maisha yote ya aliyeitunga na miaka 70 baada ya kifo chake. Ikihesabiwa kuwa muundo wa bidhaa tu, hata ukiusajili, ukomo ni miaka 25. Katika miaka ya 1980, kabla ya sheria hiyo kupitishwa, mama mmoja alibuni joho la mvua la kumkinga mtoto wake mchanga na hali ya hewa ya Uskoti, kisha akaishtaki kampuni ya Mothercare kwa kuliiga. Alishindwa. Mahakama iliona kwamba alipolishona alikuwa akiwaza baridi na mvua, hakukusudia kutengeneza kazi ya sanaa. Mwaka 2020 mahakama nyingine ya Uingereza ilikubali kwamba kitambaa cha blauzi za kike, chenye mistari ya mawimbi na kilichofumwa kwa mashine, kilistahili kuitwa kazi ya ufundi wa kisanaa, kwa kuwa kilibuniwa ili kipendeze macho.

Ziweke hukumu hizo mbili sambamba. Mama anayewaza mtoto wake asilowe hapati, anayewaza kupendeza wateja anapata. Najua sheria lazima ichore mstari mahali fulani, lakini mstari huu unaniudhi. Unadai kwamba manufaa na sanaa ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja, wakati karibu kila kitu kizuri ambacho binadamu amewahi kukivaa kimewaweka pamoja bila taabu.

Hoja inayonitikisa zaidi, hata hivyo, inahusu mikono kuliko fedha. Tunapoliita vazi sanaa tunalipa jina la mtu mmoja, kama mchoro ulio na saini. Vazi halifanyiki hivyo. Kuna aliyekata, aliyeshona, aliyedarizi, aliyekaa siku kadhaa akishikiza makombe, na majina yao hayatajwi. Mfano mmoja unatugusa kwa karibu. Kuanzia miaka ya 2010 Vivienne Westwood, mama wa mitindo ya panki, ile ya vijana waasi wa Uingereza, alitengenezesha mikoba jijini Nairobi kupitia mpango wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa. Mafundi, wengi wao wanawake, walitumia mabango ya barabarani yaliyokwisha kazi, turubai kuukuu, vipande vya ngozi vilivyobaki, na shaba nyeupe iliyoyeyushwa. Kaulimbiu ya mpango ilikuwa kwamba hii si hisani, ni kazi. Naikubali, maana kazi yenye malipo ni bora kuliko msaada. Lakini mkoba unapofika London umeandikwa jina moja, la Westwood, na anayeusifu kama kazi ya sanaa anamsifu yeye. Aliyeamua kwamba herufi za bango ziangukie pembeni na si katikati huenda alikuwa mama mmoja mbele ya cherehani yake huko Nairobi. Uamuzi kama huo ndio tunaouita jicho la msanii anapoufanya mtu mwenye jina.

Basi nasimama wapi? Naamini kazi bora za wabunifu hawa ni sanaa, na skafu ya mafuvu haiondoi hilo. Wachoraji wa zamani nao walichora sura za matajiri kwa malipo. Ila nadhani pande zote mbili zinakosea zinapoitafuta sanaa ndani ya kitambaa pekee.

Fikiria kanga. British Museum inazo kanga katika hazina yake, na mwaka 2013 ilizionyesha katika maonyesho ya nguo za Afrika. Ni heshima, nami nilifurahi. Lakini kanga iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" haijakamilika inapotoka kiwandani, wala haijakamilika ikiwa ndani ya kioo. Inakamilika asubuhi fulani, mwanamke fulani anapoifunga kiunoni na kupita mbele ya mlango fulani, na aliye ndani akaisoma mgongoni mwake. Jina la kanga bila mvaaji na bila anayeambiwa ni maandishi tu. Fulana za Westwood za miaka ya 1970, zilizouzwa pale King's Road, London, zikiwa na maneno na picha za kuwakera wakubwa, zilifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Kijana aliyeivaa ndani ya treni ndiye aliyekuwa onyesho.

Vivyo hivyo gauni la Harlow. Rangi zilizomrukia zilichora pale tu aliposimama na jinsi alivyogeuka. Angegeuka kwa kasi nyingine, lingekuwa gauni jingine. Meza ya Chalayan bila mwili wa kuiinua ni samani. Sanaa hii huundwa na watatu, kitambaa, mwili na wakati, na makumbusho huweza kuhifadhi kimoja tu. Kwa muda mrefu nilidhani basi hilo lamaliza neno: kwamba kuliweka vazi kwenye kioo ni kulizika.

Kilichonibadilisha ni habari za London mwaka 2015, Savage Beauty ilipohamia Victoria and Albert Museum. Waliingia watu 493,043, na mwishoni makumbusho yale yalifungua milango usiku kucha, jambo ambalo hayakuwahi kulifanya. Watu walijipanga saa tisa usiku kwenda kutazama nguo ambazo hakuna mtu ndani yake. Wale wote hawakuwa wajinga. Nikajiuliza walikuwa wakiona nini ambacho mgeni mwalikwa wa mwaka 1998, aliyeketi safu ya mbele, hakukiona.

McQueen, mtoto wa dereva wa teksi, aliacha shule akiwa na miaka 16 na kwenda kujifunza ushonaji wa makoti kwa Anderson & Sheppard, katika Savile Row, mtaa wa mafundi cherehani jijini London. Koti la mtaa ule lina siri yake. Ukipindua ukosi, kati ya kitambaa cha nje na kile cha nyuma mna turubai jepesi, na fundi hulishikiza kwa mishono midogo ya mkono, mamia kwa mamia, kila mmoja ukivutwa kidogo ili ukosi ujikunje wenyewe na kubaki hivyo miaka yote bila pasi. Jukwaani koti hilo hupita kwa sekunde chache chini ya taa kali, na hakuna anayeuona mshono. Kwenye kioo, fundi cherehani aliyekata tiketi yake anaweza kusimama nusu saa, uso karibu ugonge, akafuata mkato wa bega hadi mkononi, akahesabu, akaelewa pale pamefanywa nini na kwa nini hapakunjiki. Makumbusho yamemnyang'anya mwili, yamempa sindano. Kinachokosekana pale kwenye kioo ni kibao kidogo chenye jina la aliyeishika.