Msaada wa kisheria Zanzibar na fedha za wafadhili

Mwaka 2001 Anthony Romero, mwanasheria wa Marekani aliyekuwa akisimamia ruzuku za haki za binadamu katika Taasisi ya Ford, alichukua uongozi wa ACLU, chama kinachotetea uhuru wa raia nchini humo tangu 1920. Mwaka 2004 chama hicho kilikataa zaidi ya dola milioni 1 za taasisi za Ford na Rockefeller, kikihofia kwamba masharti ya ruzuku yangebana uhuru wa maoni. Jambo hilo linatugusa Wazanzibari, kwa kuwa msaada wa kisheria visiwani, ambao Kituo cha Huduma za Sheria kilichoasisiwa 1992 na wasomi akiwemo marehemu Profesa Haroub Othman kimekuwa nguzo yake, umeegemea sana fedha za nje.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mjane wa Micheweni, Pemba, anayedai fungu lake katika mikarafuu ya mirathi hana cha kumlipa wakili. Nauli ya kwenda Chake Chake mara moja tu humlemea, seuze kila shauri linapoahirishwa. Msaidizi wa sheria aliyepata mafunzo kwa ruzuku ndiye anayemwandikia madai, akamfuatilia barua kwa sheha na kumweleza ni mashahidi gani awapeleke mbele ya Kadhi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imewatambua wasaidizi hawa, lakini kutambuliwa hakulipi nauli.

Hata hivyo, mradi una tarehe ya kufungwa na kesi ya mirathi haina. Ruzuku ikikoma shauri likiwa njiani, mjane huyo hubaki na faili asilojua kulisoma. Misaada ya Marekani iliposimamishwa mwaka 2025, mashirika mengi duniani yaliona jinsi mlango huo unavyoweza kufungwa ghafla.

Wapo wanaotaka turejee kwenye wakfu, na nawaelewa: wazee wetu waliweka wakfu majumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na masikini. Lakini Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ni chombo cha Serikali, na sioni vipi wakili anayelipwa na mfuko huo atakuwa huru kumsimamia mwananchi anayeishitaki Serikali kwa ardhi yake. Fedha ya nyumbani nayo ina mwenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaomtilia shaka kila mwanasheria aliyewahi kukaa upande wa wafadhili. Romero alilaumiwa na baadhi ya wajumbe wa bodi yake kwa namna alivyolishughulikia mwanzoni suala la masharti ya ruzuku za Ford, na lawama hizo zilikuwa na haki ya kusikilizwa. Lakini aliyewahi kuandika masharti huyajua mahali yanapouma. Wanasheria wetu wa aina hiyo waanze na sharti moja mezani: kila shauri litakalofunguliwa ndani ya mradi litengewe fedha hadi hukumu, rufaa ikiwemo.