Kufundisha Kifaransa, Kihispania na isimu ukiwa Mwanza, kuna maisha humo?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka huku Mwanza swali ni lilelile kila mwaka. Mtoto alikuwa HKL au KLF, yaani michepuo yenye lugha, kafaulu vizuri, anataka kwenda chuo kikuu kusoma Kifaransa na isimu, yaani taaluma ya kuchunguza lugha zenyewe zilivyoundwa, ikiwezekana aongeze na Kihispania, na ndoto yake ni kubaki hukohuko chuoni afundishe mpaka awe profesa. Baba anasema hapana, kasome ugavi au afya, hizo lugha utamfundisha nani? Mama yupo katikati. Wazazi kadhaa wameniuliza hili na kwa vile mimi mwenyewe nafundisha lugha nimeona niliandike kwa urefu, maana majibu ya mkato ndo yanawapoteza watoto.

Naanza na baba kwa sababu ana hoja na asidharauliwe. Kifaransa kwenye sekondari zetu ni somo la hiari, shule zinazokifundisha ni chache, na matangazo ya ajira za walimu miaka ya karibuni yamewapa kipaumbele watu wa fizikia, hisabati na masomo ya amali. Mtaala mpya uliokuja baada ya sera kuhuishwa 2023 umekiweka Kifaransa pamoja na Kiarabu na Kichina kwenye lugha ambazo mwanafunzi anaweza kuchagua, sawa, ila mwanafunzi wa Misungwi atachaguaje somo ambalo shuleni kwake halina mwalimu? Kihispania ndo kabisa, hakimo hata kwenye orodha.

Alafu njia ya uhadhiri yenyewe ni nyembamba. Vyuo vya umma vinataka GPA isiyopungua 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 masters, ukipungukiwa kidogo tu umekwama hata kama Kifaransa unakimwaga kama maji. Ukipita unaanzia mkufunzi msaidizi, unapanda mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa, na hapo katikati kuna PhD inayokula miaka minne mitano, wengine zaidi, wenzako uliomaliza nao wameshajenga Buswelu wewe bado unasahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza. Na asiyepata nafasi ya kudumu anaishia kulipwa kwa saa, asubuhi yuko chuo hiki jioni yuko kile, kila siku daladala za Nyegezi na Igoma, malipo yakichelewa hana pa kushtaki.

Na huko nje ambako watu wanadhani ndiko lugha zinaheshimiwa, hali sio shwari. Mwaka 2023 bodi ya West Virginia University kule Marekani ilipitisha kufutwa kwa digrii zake za lugha za kigeni. Chama cha wasomi wa lugha cha hukohuko, MLA, kilihesabu kikakuta wanafunzi wa vyuo wanaosoma lugha nyingine mbali na Kiingereza walipungua kwa asilimia 16.6 kati ya 2016 na 2021, na Kifaransa na Kihispania vyote vilishuka. Bado hujaweka programu za kutafsiri ambazo sasa hivi kila mwenye simu anazo. Kwahiyo mtu akisema hii fani ina hatari mimi simbishii.

Sasa upande wa mtoto. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, Kongo ikaingia 2022, na wakuu wa nchi walishaafiki mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viungane na Kiingereza kwenye lugha za Jumuiya. Makao makuu ya Jumuiya yapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko Arusha, na ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa hapo mpaka 2015 ilikuwa inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, wakalimani na watafsiri walikuwa wanahitajika kila siku ya Mungu. Hizo ni kazi za kweli, na lazima awepo wa kuwafundisha hao wakalimani.

Ila washabiki wa Kifaransa kuna jambo wanaliruka. Mfanyabiashara wa Goma au Bukavu akifika hapa haongei Kifaransa, anaongea Kiswahili, na wengi wa Bujumbura hivyohivyo. Nenda Mwaloni pale Kirumba, magunia ya dagaa yanayokwenda Kongo yanapatanwa bei kwa Kiswahili kuanzia alfajiri. Rwanda nayo ilishahamia Kiingereza mashuleni toka 2008. Kwahiyo ile hoja ya kwamba ukijua Kifaransa utafanya biashara na majirani ni nusu tu ya ukweli, maana mdomoni tunaelewana tayari.

Kifaransa kinaanzia kwenye karatasi. Nimekaa na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, akatoa kwenye mfuko wa rambo karatasi zake za upande wa pili, zimekunjwa mpaka mikunjo inaanza kukatika, zina mihuri ya zambarau, akaniambia mwalimu hebu nisomee mwanangu, hapa nimelipa nini. Mteja wake anaongea naye Kiswahili kila siku kwenye simu na wanaelewana kabisa lakini ile karatasi hajui ipi ni ushuru, ipi ni ada ya ukaguzi, ipi ni faini, analipa tu anayoambiwa. Simu ingempigia picha ikamtafsiria maneno, sikatai, ila kwamba ile "amende" ni faini na anaweza akaikatia rufaa, na barua ya rufaa inaandikwaje ikaeleweka na afisa wa kule, hapo anahitajika mtu. Kozi zetu nyingi za Kifaransa hazifundishi haya, zinafundisha kuagiza kahawa Paris. Hilo kosa ni letu walimu na linarekebishika.

Kihispania nakiweka chini zaidi na najua wapo watakaonuna. Hispania ni moja ya nchi za Ulaya zinazonunua minofu ya sangara wa ziwa letu, na watalii wanaoongea Kihispania Serengeti wapo, muongoza watalii anayekijua anatafutwa. Kwenye Umoja wa Afrika pia ni lugha inayotambulika, na Guinea ya Ikweta ndiyo yao. Lakini kiwanda cha samaki kikiwasiliana na mnunuzi kinaandika Kiingereza, na muongoza watalii anahitaji kozi fupi nzuri, sio idara nzima yenye maprofesa. Kwa mtu wa Mwanza Kihispania ni nyongeza, na kwa bahati ukishakuwa na Kifaransa kinakuja haraka maana zote ni mabinti wa Kilatini.

Kilichobaki ni isimu, na kwa mtu wa Kanda ya Ziwa mimi naona hapo ndipo mzani unapolalia.

Uprofesa haupewi kwa kuongea Kifaransa kizuri, unapewa kwa kuandika jambo ambalo halijaandikwa. Sasa mtu aliyeko Mwanza akiandika makala kuhusu sarufi ya Kifaransa anashindana na watu wa Paris, Geneva na Montréal wenye maktaba na pesa, atawapitia wapi? Ila akiandika kuhusu toni, yaani sauti inavyopanda na kushuka kwenye neno, za lugha za huku ziwani kama Kijita, au Kikara, au Kikerewe, wao ndo itabidi wamsome yeye. Profesa Herman Batibo alifanya hivyo zamani, Mtanzania, uchambuzi wake wa fonolojia na mofolojia ya Kisukuma, yaani mfumo wa sauti na maumbo ya maneno, aliuandika kwa Kifaransa ukachapishwa Paris 1985, akaja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Botswana na jina lake likajulikana dunia nzima kwa kazi juu ya lugha za Afrika zinazotoweka. Kifaransa kwake kilikuwa ni cha kuandikia, kitu cha kuandika kilitoka huku.

Na huku kuna mengi yanayosubiri. Wamisionari wa Afrika, wale mapadri wa Kifaransa, walifika kusini mwa ziwa hili kabla hata ya Wajerumani, na mmoja wao, Eugène Hurel, aliandika sarufi ya Kikerewe kwa Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi wa Ukerewe asiyejua Kifaransa hawezi kuisoma sarufi ya lugha ya bibi yake, mimi hilo linaniuma. Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe 1945, ikaja kutoka 1980 kwa Kiswahili alichotafsiri mwenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya mradi wa Lugha za Tanzania, atlasi ikatoka 2009, nchi ina lugha zaidi ya mia, na nyingi bado hazina kamusi ya maana.

Kazi yenyewe sio ya kifahari. Unakaa na mzee pembeni ya mtumbwi uliopinduliwa kuzibwa, kinasa sauti kipo kwenye goti, anakutajia sehemu za mtumbwi moja moja, alafu vyombo vyote vya nyavu, upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki, wajukuu wamesimama wanasikiliza kama wageni kwa sababu wao wanajua majina ya Kiswahili tu. Jioni unavaa hedifoni unarudia neno mojamoja kusikiliza toni inapanda wapi inashuka wapi, mpaka masikio yachoke. Inahitaji mtu aliyefundishwa, na wazee hawatusubiri.

Kwahiyo kwa mtoto anayeuliza, Kifaransa peke yake simshauri, hapo nakubaliana na baba. Asome isimu iwe ndo msingi, Kifaransa kiwe cha pili na akisome kwa ukali mpaka aweze kuandika makala na kutafsiri mkataba, Kihispania aanze akishafika mwaka wa pili. Toka muhula wa kwanza alinde GPA maana ile 3.8 haina huruma. Achague lugha moja ya huku ziwani aikusanyie data akiwa bado digrii ya kwanza, asingoje masters. Na kabla hajajaza fomu aende idarani aulize mhadhiri wao wa Kifaransa ameajiriwa au analipwa kwa saa, na mara ya mwisho wamechukua lini mkufunzi msaidizi. Wakimjibu kwa kuzungukazunguka, apeleke maombi chuo kingine.