Usianze na pua

Vijana wanaoniletea michoro yao ya vibonzo niiangalie, kumi kwa kumi ukifungua karatasi unakutana na pua. Pua kama embe dodo, masikio kama ungo, afu chini kaandika jina la mheshimiwa kwa herufi kubwa ili tujue ni nani. Mi huwa nalifunika lile jina na kidole gumba nauliza, haya dogo, huyu nani? Kimya. Sasa kama bila jina hatumjui si umechora pua tu mdogo wangu.

Najua tumefundishwa kwamba kibonzo ni kuongeza chumvi, na hata neno karikatura limetoka kwa Waitaliano, kwenye kitenzi chao cha kupakia mzigo. Sawa, pakia, lakini ukipakia pua na masikio na meno na kitambi vyote kwa mpigo gari haliondoki hapo.

Mi kabla sijagusa penseli lazima niwe na sentensi moja ambayo naweza kumwambia abiria mwenzangu kwenye daladala bila kuvuta pumzi mara mbili, mfano "huyu alituahidi maji, mwaka wa tatu huu bomba linatoa upepo". Isipokuja sentensi sichori, naenda kunywa chai. Ikija, natafuta klipu za huyo mtu na nazima sauti. Picha za magazeti zinadanganya, mtu kashajipanga, kavuta tumbo, lakini kwenye klipu isiyo na sauti unaona shingo inavyozama mabegani, unaona mkono unaenda wapi akiulizwa habari za hela. Hapo ndo nachora vidogo vidogo, ukubwa wa stempu, ishirini au thelathini, mabega na mgongo tu, sura siweki kabisa. Kimoja kikieleweka kwenye huo udogo ndo nakikuza, uso unakuja baadaye, wino mwisho kabisa. Wino naweka kwenye tableti siku hizi kama kila mtu, ila skechi bado ni penseli, maana tableti ina kile kitufe cha kurudi nyuma, unafuta unarudia unafuta mpaka unasahau ulikuwa unataka kusema nini.

Shughuli ni wale wenye sura za kawaida, mtu hana hata ndevu za kukusaidia. Hao unawapa kitu. Ufaransa mwaka 1831 Charles Philipon alishtakiwa kwa kumchora mfalme Louis-Philippe, akasimama mahakamani akachora michoro minne, wa kwanza sura ya mfalme, inabadilika kidogo kidogo mpaka wa nne ni tunda la peasi, akawauliza kosa liko kwenye mchoro upi sasa. Jela alienda vilevile, ila peasi zikachorwa kwenye kuta za Paris, na hapo mfalme angefanyaje, apige marufuku matunda? Zapiro wa Afrika Kusini alimpa Jacob Zuma bomba la kuogea juu ya kichwa, 2006, baada ya mzee kusema mahakamani kwamba alioga ili kupunguza hatari ya virusi vya Ukimwi, na lile bomba likawa ndo alama yake hata alipokuja kuwa rais. Gado, mtoto wa Dar aliyehamia Nairobi 1992, alimfunga Uhuru Kenyatta mnyororo na lile tufe la chuma mguuni kipindi cha kesi yake ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai, na ukiona tufe huhitaji hata kupandisha macho usoni.

Na kama bado unabisha, Desemba 2024 hapo Kenya kulikuwa na kijana, Kibet Bull, alikuwa anatengeneza vivuli vya Rais Ruto, weusi mtupu, hamna jicho hamna pua hamna mdomo, na nchi nzima ilijua ni nani. Akatekwa, akaja kuonekana Januari. Mtu katekwa kwa kivuli jamani! Halafu wewe unahangaika na matundu ya pua.

Mi mwenyewe nilichelewa sana kulielewa hili. Kuna mheshimiwa nilimchora karibu mwaka mzima na meno, kwa sababu ana meno, na kila wiki mhariri ananirudishia nimuandike jina kwenye koti. Naboreka. Siku moja kwenye klipu nikaona kila akibanwa na swali anaivuta saa yake, anaizungusha mkononi kama inambana, ndo anajibu. Nikaichora ile saa kubwa kama sufuria ya pilau, mkono umelemewa, meno nikayafunika. Nikampelekea Mangi dukani, ndo mhakiki wangu yule, hasomi magazeti na hana muda wa kunipendezesha. Mangi, huyu nani? Akaangalia huku anapima sukari, "si yule wa saa".

Tangu siku hiyo uso wake naupunguza kila toleo. Juzi nimechora mlango umefungwa, kwa chini unaona tu mkanda wa saa umebanwa, hamna mtu. Mangi kaangalia, kasonya, "ameanza tena?"