Shujaa wa Porini Mwenye Shahada 22

Shujaa wa porini tuliyezoeshwa na runinga huwa kifua wazi, bunduki begani na panga mkononi. Flynn Carsen, aliyeigizwa na Noah Wyle katika filamu ya televisheni The Librarian: Quest for the Spear, iliyorushwa na kituo cha TNT cha Marekani mwaka 2004, anaingia katika msitu wa Amazon akiwa na shahada 22 na woga asioweza kuuficha, na ndiyo maana nampenda. Huyu ni mtu aliyezeekea darasani hadi mwalimu wake akamtimua chuoni akatafute maisha, kisha akaajiriwa na maktaba ya siri inayohifadhi vitu vya ajabu kama Excalibur, upanga wa Mfalme Arthur wa hadithi. Ngumi zote anazipiga mlinzi wake, Nicole Noone. Yeye kazi yake ni kusoma. Hata mitego ya hekalu la kale wanaivuka kwa kucheza dansi ya waltz, baada ya Flynn kung'amua mwendo wa mitego hiyo. Ni upuuzi, lakini upuuzi uliopangwa kwa akili.

Kinyongo changu ni kwa filamu ya pili, ya mwaka 2006, inayomleta Flynn hadi Kenya kutafuta machimbo ya Mfalme Suleimani. Hadithi hiyo si ngeni kwetu, kwani riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885 ilishatafsiriwa kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, ikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Haggard alimpa shujaa wake bunduki ya kuwindia tembo. Flynn amepewa vitabu, nami nakiri kwamba hiyo ni hatua. Hata hivyo, Jomo (jina ambalo Mkenya hawezi kulisikia bila kutabasamu), aliyeigizwa vizuri na Hakeem Kae-Kazim, mzaliwa wa Lagos, anabaki kuwa msindikizaji, huku elimu ya kufumbua mafumbo ya nchi ikitoka katika vichwa vya wageni wawili waliohitimu ng'ambo, Flynn na mwanaakiolojia Emily Davenport. Mtu mwenye kiu ya elimu kiasi hicho ningetarajia afike barazani, akae, anywe kahawa, awaulize wazee habari za mahali pale kabla ya kufunua ramani yake.