Tuurudishie mhina uwanja wake

Wiki iliyopita nilikwenda kwa wifi yangu Kisauni, kwenye shughuli za harusi ya binti yake. Nilipofika uani nikasimama. Mhina haupo. Mti alioupanda marehemu nyanya, tuliochuma majani yake tangu utoto, umeng'olewa na shina lake, pakatandikwa nyasi za kapeti.

"Wifi, fundi alisema unachafua uwanja," akaniambia, huku kijana wa mkokoteni akishusha mitungi sita ya maji. Minne ikaenda kwa nyasi.

Nina hasira mpaka leo. Maji ya mfereji hapa kwetu sote tunayajua: leo yapo, wiki nzima hayapo. Mhina haukuwahi kutudai mtungi hata mmoja. Mizizi yake ikishazama, unastahimili jua la kaskazi kwenye mchanga mtupu, na unabaki kijani. Kinachouua ni maji yakituama, si kiu. Halafu maua yake! Vishada vya maua madogo meupe kama maziwa, nyuki wamejaa, na jioni harufu inatanda hadi barazani. Nyasi zinanukia nini?

Nakubali, ukame ukizidi sana majani hupukutika, na matawi makongwe yana miiba. Basi pogoa. Ukipogolewa ndipo unapochipua zaidi.

Kilichoniuma kupita vyote ni mikono ya bi harusi. Hina ya uani haipo tena, basi mchoraji akaja na piko. Weusi ule ni wa rangi ya nywele, yenye kemikali ya PPD, na haikukusudiwa kulazwa juu ya ngozi. Siku ya pili mtoto alikuwa na malengelenge yaliyofuata maua yote aliyochorwa, mstari kwa mstari. Nilimshika mkono nikalia.

Hina ya majani haitoki nyeusi kama wino. Hutoka rangi ya chungwa, kesho yake ikakolea ikawa ya udongo mwekundu. Nyanya aliyaanika majani kivulini, akayatwanga, akachekecha unga kwa kitambaa cha kanga, akakandia maji ya ndimu. Tulikuwepo tukimtazama, tukijua kila kilichoingia mle bakulini.

Kuupanda si kazi. Kata kijiti cha unene wa kalamu, urefu wa shubiri moja, ukichomeke mvua zinapoanza. Usiuache na kiu msimu ule wa kwanza. Baada ya hapo kazi yako ni mkasi tu.

Mimi ninao mmoja, ulitokana na ule wa nyanya. Masika yakianza nitakata vijiti vitano nimpelekee wifi. Amekubali, ila anataka vipandwe pembeni, nyasi zisiguswe. Nimemwambia sitaki pembeni. Nataka palepale ulipokuwa.