A24 na gharama ya kuwa kubwa

Daniel Katz, David Fenkel na John Hodges walipoanzisha kampuni ya filamu ya A24 mjini New York mwaka 2012, haikuwa ya kutengeneza filamu. Ilikuwa ya usambazaji: unakwenda tamasha, unatazama filamu iliyokwisha kukamilika, unanunua haki za kuionyesha, kisha unaitafutia watazamaji. Ukipenda unachokiona unalipa, usipopenda unaondoka. Baadaye wakaanza kutayarisha filamu zao wenyewe, na wapo wanaosema hatua hiyo ndiyo iliyoiharibu A24.

Wakiwa bado wasambazaji, walijulikana haraka kwa ujanja wa matangazo. Kwenye tamasha la SXSW mjini Austin mwaka 2015, watumiaji wa Tinder, programu ya simu ya kutafuta wapenzi, walijikuta wakichati na mrembo aitwaye Ava, aliyewauliza kama wamewahi kupenda. Picha ilikuwa ya mwigizaji Alicia Vikander. Aliyekuwa akijibu ni programu ya kompyuta, na mwisho wa mazungumzo iliwaelekeza kwenye akaunti ya Instagram iliyokuwa tangazo la Ex Machina, filamu kuhusu roboti anayemhadaa mwanamume. Wapo waliokasirika, na sishangai, ila ni vigumu kupata tangazo la bei rahisi linaloifaa filamu yake kiasi hicho.

Kwa nini basi waingie kwenye utayarishaji? Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja nzito. Haki za msambazaji mara nyingi zina mipaka na muda. Mwenye filamu huiuza tena na tena, kwa televisheni na kwa majukwaa ya mtandaoni. Isitoshe, majukwaa hayo yalipoanza kwenda matamasha na mabunda ya fedha, msambazaji mdogo alibaki kugombea makombo. Moonlight ya 2016, ya kwanza A24 kuitayarisha yenyewe, iligharimu chini ya dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 60 duniani na kutwaa Oscar ya filamu bora. Kwa hiyo anayesema utayarishaji wenyewe ndio ulioiharibu A24 hajatazama vizuri.

Wasiwasi wangu uko kwa wawekezaji. Mwaka 2022 waliingiza dola milioni 225 na kuipa kampuni thamani ya bilioni 2.5, kufikia 2024 ilitajwa kuwa bilioni 3.5. Thamani kama hiyo haibebwi na filamu ndogo ndogo. Ndipo ikaja Civil War ya 2024, bajeti takriban milioni 50, na ikafanya vizuri. Mwaka uliofuata The Smashing Machine, ambayo nyota wake ni mwigizaji Dwayne Johnson, ilitumia fedha zinazokaribia hizo na mauzo ya tiketi hayakufika hata nusu yake. Na kumbuka majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya kila tiketi, matangazo bado hayajalipwa.

Kwa milioni 5 unaweza kukosea mara kadhaa na bado ukafungua ofisi Jumatatu. Kwa milioni 50, swali la kwanza mezani linakuwa nani ataigiza. Miramax, kampuni nyingine ya filamu ya Marekani, iliyoanza 1979 na kununuliwa na Disney 1993, ilipita njia hiyo hiyo, bajeti zikivimba kadiri miaka ilivyokwenda.

Watetezi watanitajia filamu ya A24, Everything Everywhere All at Once: Oscar saba, zaidi ya dola milioni 100. Sawa, lakini bajeti yake haikufika milioni 30. Mimi nitaendelea kutazama jambo moja kila ratiba yao inapotoka: wangapi humo ni waongozaji wa filamu ya kwanza, kama Ari Aster alivyokuwa mwaka 2018 na Hereditary.