Kasida ya Simba na Yanga

Kikundi chetu kinasoma kasida kwa mdomo mtupu. Dufu hatugusi, kinanda hatuna. Tuko wanne: Ustadhi, seremala mmoja, muuza urojo, na mimi wa sauti nene. Sasa kusoma bila ala kuna tabu yake, yakhe. Mnaanza vizuri, mkifika ubeti wa tatu sauti zimeshashuka, na ukiuliza nani kaanza kushuka, kila mtu anamtazama mwenzake.

Mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta Dar akaja likizo na dawa. Kila msomaji anabanwa kipaza sauti kidogo kolani, programu inahesabu sauti yake inatetemeka mara ngapi kwa sekunde, na hapo hapo inachora mstari kwenye kioo. Ukipanda nao unapanda, ukiteleza watu wanakuona. Kila mtu na rangi yake: Ustadhi nyekundu, seremala buluu, muuza urojo nyeupe, mimi njano. Ukishika sauti barabara mstari unang'aa, ukiikosa unafifia.

Mazoezini Ustadhi akafungua kwa bayati, mahadhi ya Kiarabu. Mstari ukafifia. Akarudia, macho kayafumba, mishipa ya shingo imemtoka. Ukafifia tena.

"Ustadhi, hapo unakosea kidogo," mpwa wangu akasema.

Kimya. Seremala akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa kavaa makubadhi.

"Mimi bayati naisoma babako hajaoa," Ustadhi akamjibu. "Hiyo kompyuta imesoma chuo gani?"

Haki ilikuwa ya mzee. Programu ile ilikuwa imepangiwa vipimo vya piano, sauti 12 kwa kila okteva, yaani kutoka sauti moja mpaka ile ile inaporudi juu, na sauti ya pili ya bayati inakaa katikati ya vibao viwili vya piano, pahala pasipo na kibao. Mwaka 1932 wakubwa wa muziki wa Kiarabu walikutana Cairo wakabishana juu ya sauti hizi za katikati, leo mtoto wa dada yangu anazifuta kwa kidole kimoja. Wakati sote tumenyamaza, mstari mmoja ukaendelea kujichora umenyooka, hautikisiki. Lilikuwa friji pale pembeni, linanguruma na umeme wake.

"Basi mpeni friji asome," Ustadhi akasema, akavaa kofia yake akaondoka.

Tulimrudisha kwa kumbembeleza, na mpwa wangu akaongeza vile vipimo vya katikati.

Ikaja harusi ya Kikwajuni. Mwenye shughuli aliomba maneno ya kasida yaonekane ukutani ili wageni waitikie, kwa hiyo mpwa wangu akatundika shuka jeupe nyuma yetu na kuleta projekta. Sisi tumewaelekea watu, shuka liko mgongoni. Maneno yalionekana ubeti wa kwanza tu. Baada ya hapo, sijui alibonyeza nini, ikatokea ile mistari.

Sisi hatuna habari. Ninachokiona ni watu wameacha halua, shingo juu, wanatazama juu ya vichwa vyetu. Ustadhi akapanda, upande wa vijana wakalipuka. Akadhani kasida imewaingia, akazidi kuivuta. Nikapokea mimi, upande wa pili wakasimama. Kule kwa wanawake vigelegele vikaanza kwa zamu, kundi hili halafu kundi lile. Nikajiambia leo tumefika.

Halafu nikasikia, "Simba huyooo! Anapanda!"

Programu za namna hii zina ugonjwa wao: sauti nene ikikwaruza, inaweza kuhesabiwa maradufu, na mstari ukaruka okteva nzima juu. Mimi nilikuwa chini kabisa, koo linakwaruza kwa biriani. Mstari wa njano ukaruka mpaka karibu na ukingo wa shuka.

"Goliiii!"

Kikombe cha kahawa kikaanguka, mzee mmoja akamkumbatia mtu asiyemjua. Ustadhi akafumbua macho, akageuka. Akaona njano iko juu, nyekundu iko chini. Akatazama waya wa kola yake, akaufuata kwa macho mpaka kwenye kompyuta, akafahamu kuwa nyekundu ni yeye.

Ustadhi ni Yanga tangu ujana wake.

Hakuacha kusoma, nampa sifa yake. Huku anaivuta ile "aaa" ndefu, akabandua kipaza sauti chake akanibana mimi kolani, akachukua changu akajibana yeye, akaendelea na ubeti. Mstari wa njano ukanyooka, ukang'aa shuka zima.

"Wizi!" vijana wakapiga kelele. "Dirisha dogo limefungwa!"

Na aliyepinga kuliko wote alikuwa bwana harusi. Akasimama pale alipoketishwa, joho limemteleza begani, kilemba upande, mkono juu, anadai usajili ule haukubaliki na mechi irudiwe.

Sheikh aliyemwozesha akamvuta joho.

"Kaa kitako. Na wewe umesajiliwa leo."